Kulwa au Kurwa? Historia ya Herufi Moja katika Jina la Binti wa Runzewe



Mhadhara huu unahusu herufi moja katika jina moja. Jina hilo ni Kulwa, ambalo katika mikoa ya Shinyanga na Geita hupewa mtoto wa kwanza kuzaliwa kati ya pacha wawili, awe wa kike au wa kiume. Herufi yenyewe ni ile ya tatu. Wengi huandika *l*. Wachache huandika *r*, na kupata Kurwa. Ukipita Runzewe, mji wa barabarani katika Wilaya ya Bukombe, utawapata akina Kulwa bila taabu, lakini binti anayejiandika Kurwa ni wa kutafutwa. Hata hivyo, ni Runzewe hiyohiyo ambayo vibao na nyaraka za serikali huiandika kwa *R*, ilhali wakazi wengi huitamka na kuiandika Lunzewe. Jina la mtu limebaki na *l*, jina la mahali limechukua *r*. Ninakusudia kueleza jinsi hali hiyo ilivyotokea, na kwa nini jambo hili, linaloonekana dogo, lina uzito kwa mwenye jina na kwa taaluma yetu.

Maana iliyomo katika nafasi

Tuanze na maana. Majina mengi ya Kisukuma hutaja tukio au wakati wa kuzaliwa. Mabula na Kabula ni watoto wa mvua. Jina la kwanza kwa kawaida ni la kiume na la pili ni la kike. Kulwa ni jina la namna nyingine. Halitaji wakati wala tukio, bali hutaja nafasi ya mtoto katika mfuatano wa uzazi. Kulwa ni wa kwanza kati ya pacha, Doto ni wa pili, na anayezaliwa baada yao huitwa Shija. Kwa hiyo Kulwa hana maana peke yake. Anayelisikia jina hilo hujua papo hapo kwamba yupo, au alikuwepo, Doto.

Utaratibu huu si wa Wasukuma na Wanyamwezi pekee. Waganda huwaita pacha wa kiume Wasswa na Kato, na pacha wa kike Babirye na Nakato. Anayewafuata ni Kizza, ambaye ndiye Shija wao. Wajaluo wana Apiyo na Adongo kwa wasichana, Opiyo na Odongo kwa wavulana. Wayoruba wa Nigeria wana Taiwo na Kehinde. Katika jamii zote hizi majina ya pacha hayachaguliwi na wazazi: yanakuja na watoto. Ndiyo maana majina hayo hudumu hata pale majina mengine ya asili yanapoachwa. Mzazi aliyemwita mwanawe wa kwanza Maria na wa pili Zainabu, akijaliwa pacha, bado atakuwa na Kulwa na Doto nyumbani, hata kama cheti cha ubatizo kitasema vingine.

Kudumu huko ndiko kulikolipa jina umaarufu nje ya Usukuma. Leo Mtanzania wa kabila lolote akiwaona pacha atauliza, "Nani Kulwa, nani Doto?" Majina ya pekee yamegeuka kuwa nomino za kawaida za Kiswahili. Bukombe yenyewe imetoa mfano unaojulikana na taifa zima: Doto Mashaka Biteko, aliyechaguliwa kuwa mbunge wa jimbo hilo mwaka 2015 na kuteuliwa kuwa Naibu Waziri Mkuu mwaka 2023. Magazeti yetu yamemwandika Doto, na pia Dotto. Kumbe hata jina la kiongozi wa ngazi hiyo halijakubaliana na kalamu za waandishi. Itakuwaje kwa jina la binti wa mkulima?

Kitambaza na kimadende

Kwa wanafunzi wa isimu, *l* ni kitambaza na *r* ni kimadende. Katika Kiswahili sanifu sauti hizi ni fonimu mbili, kwa sababu kubadilisha moja kwa nyingine hubadilisha maana: *kula* si *kura*, *mahali* si *mahari*, *hali* si *hari*. Lakini tofauti hiyo si ya lugha zote za Kibantu. Wanaisimu wanaolinganisha lugha hizi hukisia kwamba lugha mame ilikuwa na sauti moja, inayoandikwa *d, ambayo katika lugha za leo imekuwa *l* kwingine, *r* kwingine, na pengine imetoweka kabisa.

Chukueni kivumishi chenye maana ya ukubwa. Kisukuma na Kiganda husema *-kulu*, Kinyarwanda na Kirundi husema *-kuru*, nasi katika Kiswahili tumeiangusha konsonanti ya kati na kusema *-kuu*. Chukueni pia jina la kiungo cha kusemea. Msukuma husema *lulimi*, Mrundi husema *ururimi*, Mswahili husema *ulimi*. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekosea. Kila mmoja amerithi neno lilelile kwa njia yake.

Kisukuma, kama alivyokieleza Herman Batibo katika kitabu chake cha mwaka 1985 kuhusu fonolojia na mofolojia ya lugha hiyo, kina mfumo wa sauti ulio mbali na wa Kiswahili katika mambo kadhaa. Kina irabu saba, sisi tuna tano. Kina nazali zisizo na ghuna, kama ile ya *munhu*, yaani mtu. Na hakina kimadende kinachopingana na kitambaza. Kwa msemaji wa Kisukuma, Kulwa ni Kulwa. Kurwa si jina jingine kwake, ni jina lilelile kinywani mwa mgeni.

Kiganda kinatufundisha jambo la ziada. Humo *l* na *r* ni sura mbili za fonimu moja, na othografia iliyokubaliwa mwaka 1947 iliamua kwamba *r* iandikwe baada ya *e* na *i*, na *l* penginepo. Hivyo umoja ni *omulembe*, wingi ni *emirembe*. Mzizi mmoja unabadilisha herufi kwa kubadili kiambishi tu. Hapo tunaona kwamba herufi inaweza kuwa matokeo ya kanuni ya uandishi, wala isiwe na habari yoyote kuhusu maana.

Runzewe mpakani

Sasa twende mahali penyewe. Runzewe iko katika barabara kuu itokayo Kahama, kupitia Ushirombo, kwenda Lusahunga, na kutoka huko kuelekea Ngara na mpaka wa Rwanda. Kwa miaka mingi sehemu hii ilikuwa ya Mkoa wa Shinyanga; tangu mwaka 2012, Wilaya ya Bukombe imo katika Mkoa mpya wa Geita. Wenyeji ni Wasumbwa. Wasukuma walihamia kwa wingi wakitafuta malisho na ardhi ya kilimo, na dhahabu ya ukanda wa Geita ikawaleta watu wa kila lugha.

Kwa mtazamo wa isimu, hapa ni mpakani. Mashariki kuna lugha ambazo kiambishi cha ngeli ya *ulimi* ni *lu-*. Magharibi, kuelekea Kibondo, Ngara na ng'ambo ya mpaka, kuna Kiha, Kirundi na Kinyarwanda, ambako kiambishi hicho ni *ru-*. Mahali palipo katikati hupata majina mawili. Runzewe ni Lunzewe. Lusahunga huandikwa pia Rusahunga. Katika machimbo ya Geita kuna Lwamgasa, ambayo ripoti nyingi za uchimbaji mdogo zimeiandika Rwamagasa. Anayechora ramani hulazimika kuchagua, na chaguo lake, likishachapwa, huwa ndilo jina.

Kata za leo zinaitwa Runzewe Mashariki na Runzewe Magharibi. Nyaraka zimeamua. Hata hivyo uamuzi huo haukubadili ndimi. Mkazi anayesema "natoka Lunzewe" hakosei jina la mji wake. Analitamka kwa mfumo wa sauti wa lugha yake, na aliyeandika *R* aliliandika kwa mfumo mwingine.

Kalamu zilizopita

Jina la binti halikupitia ramani, lakini lilipitia kalamu nyingine, na kila kalamu ilikuwa na mazoea yake.

Kalamu ya kwanza ni ya pwani. Waswahili waliandika lugha yao kwa hati ya Kiarabu karne nyingi kabla ya hati ya Kirumi, na katika hati hiyo *lam* na *ra* ni herufi zisizofanana hata kidogo. Mwandishi wa pwani hakuweza kuzichanganya. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma walikuwa nguzo ya misafara kati ya Tabora na Bagamoyo, na majina husafiri pamoja na watu. Naona ushahidi unaelemea kwamba majina ya pacha yalishuka kutoka bara kwenda pwani, kwa sababu bara yamo ndani ya mfuatano mrefu unaoendelea hadi kwa Shija, ilhali pwani yamesimama mawili tu. Anayeazima huchukua anachokihitaji na kuacha kilichobaki. Na sikio la pwani, lililozoea sauti mbili, lililazimika kuamua ni ipi kati ya hizo mbili iliyosikika. Unguja iliamua *r*. Mwaka 1960 Muhammad Saleh Farsy alipochapisha riwaya yake kuhusu maisha ya kijiji cha Unguja, aliiita *Kurwa na Doto*. Pacha wake ni wasichana. Tangu hapo wanafunzi wengi wa fasihi ya Kiswahili wamekutana na jina hilo kwa mara ya kwanza kwa maandishi likiwa na *r*.

Kalamu ya pili ni ya misheni. Wamisionari wa Shirika la White Fathers walifungua misheni ya Ushirombo mwaka 1891, si mbali na Runzewe. Vitabu vya ubatizo ndivyo orodha za kwanza za majina ya watu katika nchi ile. Wazungu waliandika kwa mazoea ya lugha zao. Utawala wa Wajerumani, kwa mfano, uliandika *Muansa* kwa mji ambao Wasukuma waliuita Ng'wanza na sisi leo tunauita Mwanza. Lakini mmisionari aliyekaa na watu alijifunza lugha yao, na katika lugha yao hakukuwa na sababu ya kuandika *r*.

Kalamu ya tatu ni ya shule na ofisi. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ikasanifisha tahajia kwa msingi wa Kiunguja. Kazi yake ilirithiwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili na, baada ya mwaka 1967, ikaungwa mkono na Baraza la Kiswahili la Taifa. Usanifishaji ulituletea manufaa makubwa, na mimi ni mtumishi wake. Ila ulikuja na jambo lisilokusudiwa: uliifanya lafudhi ya bara ionekane kuwa kosa. Mtoto wa Kisukuma aliyesema *habali* kwa *habari* alichekwa darasani. Akajifunza kuitilia shaka kila *l* iliyo kinywani mwake. Matokeo yake ni yale tunayoyaita usahihishaji uliopita kiasi: anayekimbia *habali* huweza kufika kwenye *kurara* kwa *kulala*.

Kwa nini Kurwa ni adimu, na kwa nini ipo

Hapo ndipo lilipo jibu la swali letu. Kurwa ni adimu Runzewe kwa sababu sauti yake haimo katika lugha ya mama wanaolitoa jina. Pale inapoonekana, imeingia kwa mmoja wa milango mitatu. Huenda mzazi alilipata kwa njia ya pwani, kwa ndoa, uhamiaji au kitabu. Huenda mwandishi wa rejesta alikuwa msemaji wa lugha ya *ru-*, akaandika alivyosikia kwa sikio lake. Au huenda mwalimu, au mwenye jina mwenyewe, alisahihisha *l* ambayo haikuwa na kosa, kwa kudhani kwamba *r* ndiyo iliyo sanifu. Tahajia ni ileile, lakini historia ni tatu, na hakuna anayeweza kuzitenganisha kwa kutazama karatasi tu. Ni lazima amuulize mwenye jina.

Mtaniuliza, kuna hasara gani? Tumfikirie binti ambaye kadi ya kliniki inamwita Kulwa, rejesta ya shule ikamwandika Kurwa, na cheti cha kidato cha nne kikafuata rejesta. Zamani jambo hilo lingeisha kwa kicheko. Leo ana cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, wakala ulioanza kazi mwaka 2006; ana namba ya kitambulisho kutoka NIDA, mamlaka iliyoanzishwa mwaka 2008; na laini ya simu yake imesajiliwa kwa alama za vidole. Mashine hailinganishi maana, inalinganisha herufi. Kwake Kulwa na Kurwa ni watu wawili. Binti atakwenda kwa wakili kula kiapo kwamba yeye ni yeye. Atalipa ada na nauli, na huenda atakosa nafasi ya chuo, mkopo au ajira mgodini wakati karatasi zikisubiriwa. Na kwa pacha kuna kichekesho cha uchungu zaidi: jina lake lilikusudiwa kumtambulisha mtu mmoja kati ya wawili wanaofanana, nalo sasa linamgawa yeye mmoja kuwa wawili.

Yapo pia madhara ya heshima. Katika mikoa hiyohiyo kuna wasichana waitwao Milembe. Akitokea mwandishi akabadili *l* kuwa *r*, binti anabeba jina la hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Dodoma tangu mwaka 1927, na wote tunajua mizaha ya watoto shuleni. Herufi moja iliyobadilishwa kwa nia njema humfuata mtu maisha yake yote.

Upande wa pili: h ya Kabhula

Msije mkadhani kwamba tahajia adimu huwa siku zote ya ugenini. Tazameni Kabula. Wachache huliandika Kabhula, na karani huona *h* hiyo kuwa pambo au kosa. Isimu inasema vingine. Mvua kwa Kisukuma ni *mbula*; ndilo neno letu *mvua* na *mvula* ya Kichewa. Kiambishi *ka-* kikiingia, nazali ya mwanzo huondoka, na *b* isiyo na nazali mbele yake hutamkwa kwa midomo isiyofungana kabisa. Sauti hiyo haimo katika Kiswahili sanifu, na othografia za Kisukuma za siku hizi huiandika *bh*, kama katika *bhanhu*, yaani watu. Anayeandika Kabhula ameandika kwa usahihi, ila ameandika kwa Kisukuma ndani ya hati ya Kiswahili.

Basi tuna tahajia mbili adimu zinazoelekea pande mbili. Kurwa inatokana na kulivuta jina la Kisukuma liende kwenye sauti za Kiswahili. Kabhula inatokana na kukataa kuvutwa huko. Mwanafunzi atakayezihesabu zote mbili kuwa "makosa ya uandishi" atakuwa amefuta ushahidi alioupewa bure.

Hitimisho

Ninamalizia kwa mambo matatu. Kwanza, sheria za tahajia sanifu ziliwekwa kwa ajili ya maneno ya lugha. Hazikuwekwa ili kusahihisha majina ya watu. Hata William Shakespeare, katika saini zake sita zilizosalia, hakuliandika jina lake kwa namna moja, na hakuna anayemwita mjinga wa Kiingereza. Pili, kazi ya mwandishi wa rejesta ni kuuliza, kuandika, na kumsomea mzazi alichoandika kabla ya kupiga mhuri. Dakika moja ya kusoma kwa sauti itamwokoa mtoto na miaka ya viapo. Tatu, ninyi wanafunzi mnaotoka Bukombe, Geita, Kahama na kwingineko mna hazina ambayo maktaba zetu hazina: rejesta za shule, vitabu vya parokia, na bibi zenu walio hai. Kusanyeni majina kwa tahajia zake zote, na kila jina liandikwe pamoja na maelezo ya nani aliliandika, lini, na kwa lugha gani.

Mkilifanya hilo, msiulize ni ipi sahihi kati ya Kulwa na Kurwa kana kwamba jibu limo katika kamusi. Kulwa ni sahihi kwa mama wa Runzewe, na Kurwa ni sahihi kwa Unguja ya Farsy. Kwa binti mwenyewe, sahihi ni ile aliyopewa na wazazi wake na anayoitikia anapoitwa. Wajibu wetu sisi wenye kalamu ni kuifikisha kwenye karatasi jinsi ilivyo.